Kitanda Wasichokilalia: Chanjo za Bakteria Hai na Kauli ya "Wengine Waanze"

Kila mjadala wa chanjo mpya unapozuka chuoni, kuna kauli ambayo haikosi kutolewa, na ikishatolewa watu hutikisa vichwa kwa kukubali kana kwamba mzee wa ukoo ndiye aliyesema: "Wengine wajaribu kwanza. Ikithibitika kwao, nasi tutaitumia." Kauli hii inasikika kama busara. Inasikika kama sauti ya aliyeumwa na nyoka, ambaye akiona unyasi hushtuka. Nayo ina faida moja kubwa kwa msemaji: haimtaki ajue chochote kuhusu chanjo inayozungumziwa.

Katika insha hii ninaipinga kauli hiyo. Ninaipinga kwa mfano wa chanjo zinazouonyesha udhaifu wake kuliko nyingine zote, yaani chanjo ambazo bakteria hai waliodhoofishwa hutumiwa kuwa wachukuzi wa antijeni za vimelea vingine. Hoja yangu ni moja. Kwa chanjo za aina hii, jaribio lililofanywa katika miili ya watu wa mbali haliwezi peke yake kutuambia zitafanya nini katika miili yetu. Anayekaa kungoja wengine wamalize, hangoji jibu lake. Anangoja jibu la swali la mtu mwingine.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe, maana wengi wanaokiogopa na wengi wanaokishangilia hawajakitazama. Chanjo tulizopewa utotoni si za namna moja. Baadhi zina kimelea kilichouawa au sehemu yake tu, mfano chanjo ya pepopunda, ambayo ni sumu ya bakteria iliyoondolewa makali. Nyingine zina kimelea hai kilichodhoofishwa, mfano chanjo ya surua, matone ya polio na BCG. Wengi wetu tuna kovu dogo mkononi lililoachwa na BCG. Kovu hilo liliachwa na bakteria aliyekuwa hai. Albert Calmette na Camille Guérin, huko Lille nchini Ufaransa, walianza mwaka 1908 kumwotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyotiwa nyongo na gliserini. Walimhamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230 kwa muda wa miaka 13. Mwishoni alikuwa angali hai, lakini makali yake yamekwisha. Mtoto wa kwanza alipewa chanjo hiyo mjini Paris mwaka 1921. Kwa hiyo anayesema "mimi siwezi kukubali kuwekewa bakteria hai mwilini" na avute kwanza mkono wa shati.

Sasa wazo la mchukuzi linafuata kwa urahisi. Ikiwa bakteria huyu anaweza kuingia mwilini, akakaa kwa muda bila kudhuru, na akaiamsha kinga, kwa nini asibebeshwe mzigo wa pili? Antijeni ni ile sehemu ya kimelea ambayo kinga ya mwili huitambua na kuikumbuka, kama askari wa zamu anavyomkumbuka mtu kwa sare yake. Watafiti huchukua jeni inayotengeneza antijeni ya ugonjwa mmoja, wakaiingiza ndani ya bakteria aliyedhoofishwa wa ugonjwa mwingine. Bakteria huyo akiingia mwilini, hutengeneza antijeni ya kigeni pamoja na zake mwenyewe. Kinga inajifunza sare mbili kwa mpigo mmoja.

Mchukuzi aliyechunguzwa zaidi ni Salmonella. Bakteria wa homa ya matumbo, au taifodi kama wengi wetu tunavyoiita, huingia kwa mdomo, hupenya ukuta wa utumbo mahali palipo na mkusanyiko wa chembe za kinga, kisha huendelea hadi ndani. Akidhoofishwa, hupita njia hiyohiyo ila hafiki mbali. Hivyo huifunza kinga iliyo mlangoni na ile iliyo ndani. Katika miaka ya 1970, Germanier na Fürer huko Uswisi walitengeneza aina iliyodhoofishwa inayoitwa Ty21a, ambayo humezwa kama vidonge na ilifanyiwa majaribio makubwa katika miji ya Alexandria, Misri, na Santiago, Chile. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Samuel Formal walimbebesha Ty21a antijeni ya Shigella sonnei, mmoja wa bakteria wa kuhara damu. Mwaka huohuo Hoiseth na Stocker walionyesha njia ya kumdhoofisha Salmonella kwa makusudi badala ya kubahatisha: walimwondolea uwezo wa kujitengenezea virutubisho fulani ambavyo havipati ndani ya miili yetu, kwa hiyo anaingia lakini hawezi kuzaana sana. Mwaka 1991 ikafika zamu ya BCG nayo kubebeshwa jeni za vimelea vingine.

Faida zake kwa nchi kama zetu hazihitaji maneno mengi. Chanjo ya kumezwa haihitaji sindano wala mtu aliyefunzwa kuchoma sindano. Bakteria huoteshwa katika mapipa ya kuchachushia, na hakuna haja ya kuitenga na kuisafisha antijeni, kazi ambayo hugharimu sana. Lakini sitaki kumdanganya msomaji: chanjo hai hufa ikipata joto. Yule mhudumu wa afya anayefunga kisanduku cha baridi nyuma ya bodaboda na kwenda nacho hadi kijiji cha mwisho hatapumzika kwa sababu ya uvumbuzi huu.

Nirudi kwa kauli ya "wengine waanze". Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chanjo hai ndiyo inayolala kitandani. Chanjo iliyokufa ni kama barua: ingawa wasomaji hutofautiana, maneno yaliyoandikwa ni yaleyale popote ifikapo. Chanjo hai ni kama mgeni. Atakaa vipi, atakaa siku ngapi, atazungumza na nani, hayo yote yanategemea nyumba aliyoikuta. Utumbo wenye bakteria wa aina fulani, mtoto aliyepungukiwa na lishe, damu iliyokwisha kupambana na jamaa za mgeni huyo, zote ni nyumba tofauti.

Haya si mawazo ya kufikirika. Ushahidi mmojawapo ulipatikana hapa Uganda. Kuanzia mwaka 1960, watafiti wa Uingereza waliwachanja watoto wa eneo la Teso kwa BCG ili kuona kama chanjo hiyo ya kifua kikuu inaweza kuzuia ukoma, kwa kuwa bakteria wa magonjwa hayo mawili ni wa ukoo mmoja. Kinga iliyoonekana ilikuwa karibu asilimia 80. Jaribio la namna hiyo lilifanywa pia Burma, nchi inayoitwa sasa Myanmar, na kule kinga ilikuwa karibu asilimia 20 tu. Chanjo ni ileile kwa jina, ugonjwa ni uleule, watoto ni watoto. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu: bakteria wa udongoni na majini ambao watoto huwa wamekwisha kukutana nao, aina ya BCG iliyotumika, umri wa kuchanjwa. Lakini kwa hoja yangu inatosha kuuliza: kama wakati ule tungesema "Burma waanze", tungejifunza nini kuhusu watoto wa Teso? Tungejifunza jambo lisilo la kweli, tena tungelishika kwa uhakika wote wa mtu aliyesubiri kwa busara.

Ushahidi wa pili unaelekea upande wa kinyume. Kuna chanjo hai ya kipindupindu inayoitwa CVD 103-HgR, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Maryland kwa kumwondolea bakteria jeni ya sehemu yenye madhara ya sumu yake. Katika majaribio ya Marekani, watu wazima waliojitolea walimeza dozi moja, kisha wakanyweshwa kipindupindu chenyewe, na wengi wao hawakuugua. Habari njema namna hiyo ingemfanya mtu wa "wengine waanze" aseme: haya, sasa ileteni. Lakini kwa watoto wa Indonesia, ili kinga iamke ilibidi kipimo kiwe kikubwa mara kumi. Na chanjo hiyo ilipojaribiwa kwa watu zaidi ya 67,000 mjini Jakarta katika miaka ya 1990, haikuonyesha kinga ya kuridhisha. Mwaka 2016 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya wasafiri. Kwa msafiri anayetoka kule ni chanjo nzuri. Je, ni nzuri kwa mtoto wa ufukweni mwa Ziwa Albert? Hilo ni swali jingine, na jibu lake haliko Maryland.

Kwa bakteria mchukuzi jambo hili linakuwa zito zaidi, kwa sababu mchukuzi anaweza kuuawa kabla hajaufikisha mzigo. Mtu ambaye kinga yake inamfahamu mchukuzi humkamata mlangoni. Sasa tazama kwetu. Kati ya mwaka 2008 na 2011 homa ya matumbo iliisumbua Kasese, na watu wengi walitobolewa utumbo na ugonjwa huo. Mwaka 2015 mlipuko wa Kampala ulihusishwa na maji na vinywaji vilivyochafuliwa, na walioshukiwa kuugua walizidi 10,000. Huu ni umma ambao matumbo yake yamekwisha kuonana na Salmonella. Mchukuzi huyo akija na mzigo wa antijeni ya ugonjwa mwingine, atafukuzwa mlangoni, au kinga ya zamani itausaidia mwili kumpokea upesi na kujifunza zaidi? Wanafunzi wenye afya wa mji wa Baltimore hawawezi kutujibia, hata wakijitolea kwa maelfu.

Tena kuna VVU. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watoto wachanga wanaojulikana kuwa na VVU wasipewe BCG, kwa kuwa bakteria huyo tunayemwita dhaifu anaweza kusambaa mwilini mwa mtoto asiye na kinga na kumwua. Baadaye mwongozo huo ulilegezwa kwa wale wanaotumia dawa na ambao kinga yao imetengemaa. Ona jinsi neno "dhaifu" lisivyo na maana peke yake. Dhaifu kuliko nani? Udhaifu wa bakteria hupimwa kwa kulinganishwa na nguvu za mwili anaoingia. Mwili huo usipokuwemo katika jaribio, kipimo hakijapimwa.

Sasa niwageukie wapinzani, maana hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza husema: "Wanataka kutufanya panya wa maabara." Sina haja ya kumcheka. Majaribio mengi ya zamani katika bara hili yalifanywa chini ya serikali ambazo wananchi hawakuzichagua, na hata hilo la Teso lilianza miaka miwili kabla ya uhuru. Lakini tuulize panya ni nani. Panya ni yule asiyeulizwa, asiyeambiwa matokeo, na asiyepata fungu lake dawa ikipatikana. Dawa ya unyonge huo haiwezi kuwa kujiondoa, kwa sababu anayejiondoa naye haulizwi, haambiwi, wala hapati. Dawa yake ni kuwa na kamati zetu za maadili zenye meno, ridhaa inayoeleweka, na mikataba inayosema waziwazi nani atapata chanjo na kwa bei gani.

Na hili limewahi kufanyika. Jaribio la kwanza la chanjo ya VVU barani Afrika lilifanyika Kampala mwaka 1999, kwa watu 40 waliojitolea. Chanjo yenyewe ilikuwa na mchukuzi, ila mchukuzi huyo alikuwa virusi vya ndui ya ndege, si bakteria. Lilizua mabishano makali, na watafiti walilazimika kueleza mpango wao hadharani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Chanjo ile haikuwa jibu la VVU, lakini nchi ilijifunza namna ya kuuliza.

Faida ya kujifunza huko nimeiona katika umri wangu mwenyewe. Mwaka 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilizuka nchini. Chanjo iliyoidhinishwa kwa aina ile haikuwepo duniani. Chanjo za majaribio zilifika Entebbe mwezi Desemba, wakati wagonjwa wa mwisho walikuwa wamekwisha kutoka hospitalini. Waliothibitishwa kufa kwa ugonjwa huo walikuwa 55. Mlipuko wa aina hiyohiyo ulipotangazwa tena tarehe 30 Januari 2025, jaribio la chanjo lilianza Kampala tarehe 3 Februari, siku ya nne. Mchukuzi wa chanjo hiyo ni virusi vya mifugo vilivyobebeshwa antijeni ya Ebola. Kilichobadilika kati ya 2022 na 2025 si ushujaa wa Waganda. Ni kwamba mipango, vibali na watu walikuwa tayari kabla ya ugonjwa kubisha hodi. Na kwa ugonjwa huo, "wengine" wa kuanza walikuwa nani? Aina ya Sudan imezuka Sudan ya wakati ule na Uganda. Tungengoja Uswisi waugue?

Mpinzani wa pili huleta habari ya Lübeck. Katika mji huo wa Ujerumani, kati ya mwisho wa mwaka 1929 na 1930, watoto wachanga wapatao 250 walinyweshwa chanjo iliyoitwa BCG, na 72 wakafa kwa kifua kikuu. Kwa wengi, huu ni ushahidi kwamba bakteria dhaifu hurudia ukali wake. Uchunguzi ulionyesha jambo jingine: katika maabara ileile walimowekwa bakteria wa chanjo, waliwekwa pia bakteria wakali wa kifua kikuu, na chanjo ikachafuliwa nao. BCG haikugeuka. Mikono ya watu ndiyo iliyozembea. Isitoshe, wachukuzi wa kisasa hudhoofishwa kwa kukatwa jeni nzima, mara nyingi zaidi ya moja, ili mlango mmoja ukifunguka kwa bahati mbaya uwepo mwingine uliofungwa. Lakini sisemi hayo ili tulale usingizi. Somo la Lübeck ni kwamba usalama wa chanjo hai unategemea maabara iliyo karibu, na mkaguzi mwenye mamlaka ya kuingia humo bila kuomba ruhusa. Mkaguzi wa namna hiyo haagizwi kutoka ng'ambo pamoja na shehena.

Mpinzani wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi. Husema: "Bakteria mnayemmeza atatoka chooni. Akitoka na jeni za kigeni, zitaishia wapi?" Hapa hakuna wa kumjibu kwa dharau. Katika sehemu nyingi za Kampala, choo cha shimo na chemchemi ya maji ni majirani. Bakteria nao hupeana jeni, hasa zile zilizo katika plasmidi, yaani vipete vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu. Zaidi ya hayo, wachukuzi wa mwanzo wengi walitengenezwa kwa kutumia jeni za usugu wa dawa kama alama ya kutambua bakteria aliyepokea mzigo. Kuachilia usugu wa dawa kwa makusudi, katika nchi ambayo watu hununua vidonge viwili vya antibiotiki dukani na kuondoka, ni upumbavu.

Watafiti wenyewe waliliona hilo. Roy Curtiss na wenzake nchini Marekani walibuni njia isiyohitaji jeni ya usugu. Walimwondolea mchukuzi jeni anayoihitaji kujengea ukuta wake, wakaiweka ndani ya plasmidi iliyobeba antijeni. Ni kama kukifunga chakula cha mchukuzi ndani ya mzigo anaoubeba: akiutupa, anakufa, kwa sababu bila ukuta hupasuka. Kwa njia hiyo waliondoa usugu wa dawa na pia tatizo la mchukuzi kuutupa mzigo uliomlemea. Ni kazi nzuri. Hata hivyo swali la mpinzani wangu halijaisha: mchukuzi huyo ataishi siku ngapi katika maji ya chemchemi yetu, penye joto letu na uchafu wetu? Swali hilo, ndugu yangu, haliwezi kujibiwa kwa maji ya mto wa nchi nyingine. Kwa hiyo hoja yako, ambayo ni bora kuliko zote upande wenu, inadai kwamba tupime hapa. Haidai kwamba tungoje.

Inadai pia sheria. Mwaka 2017 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bioteknolojia na usalama wake, na Rais akaurudisha. Mwaka 2018 likaupitisha tena kwa jina jingine, na mwaka 2019 ukarudishwa tena. Sina ugomvi na kurudishwa kwake. Kulikuwa na maswali ya haki kuhusu nani atawajibika madhara yakitokea. Ninachosikitikia ni kwamba karibu mabishano yote yalikuwa juu ya ndizi, mihogo na mahindi. Kiumbe kilichobadilishwa jeni ambacho kitamezwa na mtoto leo na kutoka chooni kesho hakikupata nafasi ya maana katika mabishano hayo. Majirani zetu wa Kenya wana sheria yao tangu mwaka 2009. Tunaweza kuikosoa, lakini wanacho kitu cha kukosoa.

Wala nisidhaniwe kuwa ninawapigia ngoma wanaoshangilia. Tangu mwaka 1981 hadi leo imepita zaidi ya miaka 40, na hakuna hata chanjo moja ya bakteria mchukuzi wa antijeni ya ugonjwa mwingine iliyoingia katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto. Kwa panya wachukuzi hawa walifanya maajabu. Kwa binadamu waliojitolea mara nyingi kinga ilikuwa hafifu. Hata ile ya Formal iliwakinga watu ilipotengenezwa mara moja na ikashindwa ilipotengenezwa mara nyingine. Mchukuzi akidhoofishwa mno, hufa kabla hajafika. Akiachiwa nguvu, huleta homa. Kuupata wastani kati ya hayo mawili kumewashinda watu wenye akili na fedha. Anayetuahidi kwamba kesho tutameza kidonge kimoja cha kuzuia magonjwa matano ni mwuza maneno. Lakini tazama tena ugumu wenyewe ni wa namna gani: ni kulinganisha nguvu za mchukuzi na nguvu za mwili. Basi miili itakayotumia chanjo isipokuwemo katika hesabu tangu mwanzo, hesabu itakuja ikiwa imekwisha kufungwa, nasi tutaambiwa tupokee au tuache.

Mfano wa njia ninayoitetea upo. Timu ya Stefan Kaufmann katika Taasisi ya Max Planck huko Berlin iliibadilisha BCG kwa kuiondolea jeni moja na kuipa nyingine kutoka kwa bakteria aitwaye Listeria. Haikubeba antijeni ya ugonjwa mwingine. Ilibeba kifaa cha bakteria mwingine, ili kinga ya mwili iione vizuri zaidi. Inaitwa VPM1002, na Taasisi ya Serum ya India ndiyo iliyochukua jukumu la kuiendeleza. Kwa watoto wachanga wa Afrika Kusini ilileta uvimbe na majipu machache kuliko BCG ya kawaida, ingawa katika vipimo vya damu kinga iliyoamshwa na BCG ilikuwa juu zaidi. Kwa hiyo bado kuna la kuthibitisha, na jaribio kubwa la watoto wachanga wapatao 7,000 likapangwa katika Gabon, Kenya, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Hapa ndipo penye swali, na hapa ndipo linapoulizwa.

Lakini ni wangapi kati yetu, wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi hizo, tuliojua kwamba swali hilo linaulizwa kwa watoto wa majirani zetu? Hapa lawama inatugeukia sisi wa Kiswahili. Tunajivunia kwamba lugha hii inavuka mipaka mitano, kisha tunaiachia mashairi na siasa. Mama wa Busia anayeombwa kutia sahihi fomu ya ridhaa anahitaji kuelezwa kwa maneno anayoyajua tofauti ya bakteria aliyekufa na bakteria aliyedhoofishwa. Mama wa upande wa pili wa mpaka anahitaji maelezo yaleyale. Neno "chanjo" lenyewe linatokana na kuchanja, yaani kukata ngozi. Tutaiitaje chanjo ya kumeza, isiyochanja mahali popote, ili mtu asidhani amepewa dawa ya minyoo? Neno "dhaifu" linamtosha, au linamficha jambo? Hizi ni kazi za insha, za midahalo na za tasnifu zetu. Tukingoja wengine watuundie istilahi, tutakuwa tumeirudia kauli ileile kwa sauti nyingine.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wetu na wanafunzi wenzangu tuache kuipigia makofi kauli ya "wengine waanze" kana kwamba ni hekima. Tudai sheria inayoitaja chanjo hai kwa jina lake, inayokataza jeni za usugu wa dawa ndani yake, na inayomtaka kila mleta chanjo aonyeshe mchukuzi wake ataishi siku ngapi katika maji yetu. Tudai matokeo ya kila jaribio lifanywalo hapa yatangazwe hapa, kwa lugha inayosomeka hapa. Na mtu akija na chanjo ya namna hii iliyojaribiwa kwingineko tu, tusimwulize kama wenzetu waliipenda. Tumwulize ameipima katika utumbo wa nani.